Nchi iko vitani, matumizi yamefura, halafu kodi inapunguzwa: hii inaingia akilini?

MizaniYaMezani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo linanikereketa siku nyingi, leo nalileta jamvini tulichambue bila ushabiki. Nchi ikiwa vitani, na Serikali inatumia kuliko inavyokusanya, kupunguza kodi ni sera ya maana au ni kuwapaka wananchi mafuta kwa mgongo wa chupa?

Mfano unaotajwa sana ni Marekani ya George W. Bush. Majeshi yaliingia Iraq Machi 2003. Tarehe 28 Mei mwaka huohuo Rais akasaini sheria ya kupunguza kodi, ya pili kubwa ya utawala wake baada ya ile ya Juni 2001. Seneti ilifungana 50 kwa 50, ikabidi Makamu wa Rais Dick Cheney apige kura ya kuamua. Kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikashuka hadi asilimia 35, kodi ya gawio la hisa ikawa asilimia 15. Tom DeLay, kigogo wa chama tawala kwenye Baraza la Wawakilishi, alifika mahali pa kusema kwamba mbele ya vita hakuna jambo muhimu kuliko kupunguza kodi. Seneta John McCain, aliyeunga mkono vita yenyewe, alipiga kura ya hapana. Hoja yake: gharama ya vita haijajulikana, mnagawaje fedha?

Mwaka wa fedha 2000 bajeti yao ilikuwa na ziada ya dola bilioni 236. Mwaka 2004 ilikuwa na nakisi ya bilioni 413.

Sasa angalia desturi yao wenyewe kabla ya hapo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Lincoln alisaini kodi ya mapato ya kwanza ya nchi nzima mwaka 1861. Vita vya Kwanza vya Dunia, kiwango cha juu kikafika asilimia 77 mwaka 1918. Vita vya Pili, asilimia 94. Vita ya Korea, Truman akapandisha tena, msimamo wake ukiwa kwamba vita ilipwe kadiri inavyopiganwa. Vietnam, Johnson alikwepa mpaka akaishiwa pa kukimbilia, mwaka 1968 akaweka nyongeza ya asilimia 10 juu ya kodi ya kila mtu isipokuwa wa chini kabisa. 2003 ndipo wakageuka kabisa.

Msimamo wangu nauweka wazi. Fedha ya vita inatoka mifuko mitatu tu: kodi, mkopo na mashine ya kuchapa noti. Ukifunga wa kwanza hujapunguza gharama hata senti moja. Umeihamishia kwenye miwili iliyobaki, ambako mlipaji hatajwi kwa jina. Kombora likishafyatuliwa bili ipo, na kuna mtu ataipokea.

Karibuni. Matusi pelekeni jukwaa lingine.

Kijiti_Kikavu

Nimevuta kiti mbele kabisa. Ngoja waje wachumi.

SokoHuria77

Mleta mada, uzi mzuri, ila ushahidi umeuchagua kama wakili wa upande mmoja. Naomba nitofautiane nawe, na sina kadi ya chama chochote cha huko.

Tuanze na ukubwa. Vita vya Pili vya Dunia vilikula zaidi ya theluthi ya pato zima la taifa la Marekani. Kipindi cha Iraq na Afghanistan, bajeti nzima ya ulinzi, pamoja na mambo yasiyohusiana na vita hizo, ilicheza kati ya asilimia 3 na 5. Mizigo hiyo miwili huwezi kuipima kwa mizani moja, hata kama jina lako ni Mizani.

Halafu hali ya uchumi. Mdororo ulianza Machi 2001, kampuni za intaneti zimeporomoka sokoni, ikaja Septemba 11. Mashine zimelala viwandani, watu hawana kazi. Kupandisha kodi hapo ni kumkaba anayetafuta pumzi. Mwaka 1942 ilikuwa kinyume: kila karakana inakesha, kila mkono una kazi, chuma kinagombaniwa na kifaru na gari la familia. Kodi kubwa ya wakati ule ilikuwa na kazi moja ambayo wengi hawaioni. Serikali haikosi noti, noti inaweza kuchapa. Ilichokuwa inataka ni raia aondoke kwenye foleni ya chuma, mpira na mafuta ili jeshi lipite. Sasa kama foleni yenyewe haipo, unamwondoa raia wapi?

Kitaaluma pia nina pa kushikia. Mchumi Robert Barro aliandika mwaka 1979 kwamba madhara ya kodi hukua kwa kasi kuliko kiwango chenyewe. Ukiizidisha kodi mara mbili, madhara yanazidi mara mbili. Kwa hiyo matumizi makubwa ya muda mfupi kama vita ni bora yakopewe na kusambazwa miaka mingi kuliko kumshtua mlipakodi mwaka mmoja.

Na mapato yaliongezeka! Mwaka 2003 Hazina ya Marekani ilikusanya dola trilioni 1.78. Mwaka 2007, trilioni 2.57.

La mwisho, kodi ya vita haifi. Wamarekani waliwekewa kodi ya simu mwaka 1898 kwa ajili ya vita na Hispania. Ikafutwa, ikarudi, ikafutwa, ikarudi. Ni 2006 ndipo Serikali ilipoacha kuitoza kwenye simu za masafa marefu. Ukimpa mtawala kodi kwa sababu ya vita, vita itaisha na kodi itabaki.

MizaniYaMezani

Mkuu SokoHuria77, hapo ndipo napapenda, umekuja na nondo. Nitakujibu moja moja, ila Barro naanza naye kwa sababu umemleta kama shahidi wako, na mimi namwona ni wangu.

Anachosema ni kwamba usipandishe ghafla. Kopa, kisha lipa polepole. Sawa. Lakini bili ikishasambazwa kwenye miaka 30, kila mwaka kati ya hiyo 30 unabeba kipande chake. Maana yake kiwango cha kodi cha kudumu kinapaswa kupanda kidogo na kukaa hapo. Nioneshe ni wapi kwenye hesabu hiyo kodi inashuka. Kukopa badala ya kupandisha ni jambo moja. Kukopa huku unashusha ni jambo lingine kabisa, na Barro hakulibariki.

Kuhusu mapato, umeanzia kuhesabu kwenye shimo. Mwaka 2000 walikusanya trilioni 2.03. Yakashuka miaka mitatu mfululizo mpaka hiyo 1.78 yako ya 2003. Iliwachukua mpaka 2005 kufika na kupita pale walipokuwa, na hapo sijatoa mfumuko wa bei wala ongezeko la watu. Sehemu ya anguko ilikuwa mdororo, nakubali. Na sehemu ya kupanda ilikuwa uchumi kuamka pamoja na soko la nyumba lililokuja kupasuka baadaye. Huwezi kuuachia mdororo lawama zote za kushuka, halafu sifa zote za kupanda ukaipa sheria ya kodi.

Hoja ya mashine kulala naikubali kwa mwaka 2001. Lakini mdororo ule uliisha Novemba 2001. Sheria ya pili ni ya Mei 2003, na kipande chake kikubwa kilikuwa cha gawio na faida ya mtaji. Anayelipwa gawio kubwa sio aliyefukuzwa kiwandani.

Mpiga_Zumari

Kwa hiyo nakisi ya bilioni 413 ilitokana na kapu la mapato kujaa? Naomba na mimi nipewe kapu la aina hiyo.

SokoHuria77

Zumari, wewe cheka tu. Mwaka 2003 mdororo ulikuwa umeisha kwenye vitabu, ila ajira zilikuwa bado zinapotea mpaka katikati ya mwaka. Mtu asiye na kazi haulizi kitabu kimesema nini. Na wazazi wengi walipelekewa hundi za hadi dola 400 kwa mtoto kiangazi kile, sio wenye hisa peke yao.

BintiHazina

Jamani kaka zangu, mmebanana kwenye Marekani ya 2003 kana kwamba dunia ilianza hapo. Twendeni kwa waliocheza mchezo huu mpaka mwisho.

Ujerumani, 1914. Serikali ya Kaiser iliamua kwamba vita itagharamiwa kwa hati fungani, yaani karatasi za mkopo ambazo Serikali inawauzia watu na kuahidi kuwarudishia na riba. Walizitoa mara tisa, kila baada ya miezi sita au karibu na hapo. Kodi mpya zilikuja kuguswa mwaka 1916, na hata hapo zilikuwa kidogo ukilinganisha na matumizi. Karl Helfferich, aliyesimamia Hazina, alieleza waziwazi mategemeo yao: tukishinda, adui ndiye atakayelipa. Wafaransa kodi ya mapato waliipitisha 1914 lakini utozaji wake ukaahirishwa, na wao pia macho yao yalikuwa kwa mshindwa. Yaani pande zote mbili za mahandaki zilikuwa zinaandika deni kwa jina la mwenzake.

Ujerumani ikashindwa. Kabla ya vita dola moja ilikuwa marki 4.2. Novemba 1923 dola moja ilikuwa marki trilioni 4.2. Sisemi kodi ndogo ya vita ndiyo iliyoleta yote hayo. Kulikuwa na fidia za vita, Wafaransa na Wabelgiji kuingia Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, Januari 1923, na Serikali kuwalipa wafanyakazi waliogoma kwa noti mbichi. Lakini mlima wa deni ulikuwepo tayari, na njia ya kuuondoa ikawa kuuyeyusha. Waliokuwa na hati fungani, walimu, wajane, watu wa akiba ndogondogo, waliamka na karatasi zisizonunua hata stempu ya barua. Wale ndio waliolipa kodi ambayo haikutozwa mwaka 1915.

Ukitaka mfano mpole, ni huo wa Johnson. Februari 1964 alisaini punguzo kubwa la kodi lililoachwa na Kennedy. Kiwango cha juu kikatoka asilimia 91 kuelekea 70. Lilifanya kazi nzuri. Mwaka uliofuata akapeleka wanajeshi kwa wingi Vietnam huku akipanua huduma za jamii nyumbani, na washauri wake wa uchumi wakamwambia apandishe kodi. Akasita, kwa hofu kwamba Bunge likianza kujadili kodi litachinja miradi yake ya jamii. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 1.6 mwaka 1965. Mwaka 1969 ulifika 5.5. Nyongeza ya 1968 ilileta ziada ya bajeti mwaka 1969, ya mwisho mpaka 1998, lakini bei zilikuwa zimeshapata mwendo. Kwa hiyo SokoHuria77, kipimo chako cha mashine zilizolala ni kizuri sana. Tatizo ni kwamba mashine zikiamka, wanasiasa hawaamki nazo.

Kijiti_Kikavu

Dada hapo umepigilia msumari. Endelea.

MzeeKibubu

Vijana wangu, nimewasoma wote. Mnazungumza vizuri. Niongeze la Waingereza, maana kodi ya mapato wao ndio waasisi wake, na waliizaa vitani.

Waziri Mkuu William Pitt alikuwa anapigana na Ufaransa kwa kukopa. Akaona riba inamkaba. Mwaka 1799 akaanza kutoza kodi ya mapato: asilimia 10 kwa wenye zaidi ya pauni 200 kwa mwaka, na kidogokidogo kwa walio chini ya hapo mpaka pauni 60. Walio chini ya 60 waliachwa. Watu walikasirika, si kwa kiasi tu, bali kwa sababu mtoza kodi sasa anataka kujua unapata nini. Amani ya 1802 ikaja, ikafutwa. Vita vikarudi 1803, nayo ikarudi.

Mwaka 1816, Napoleon ameshapelekwa kisiwani, Serikali ikataka kuendelea nayo kwa sababu ya deni. Bunge likaikataa kwa kelele, na likaamuru kumbukumbu zake ziharibiwe kabisa. Walitaka pasibaki hata karatasi ya kumwonesha mtawala ajaye kwamba jambo hili liliwezekana. (Nakala nyingine zilisalimika hata hivyo. Makarani hawajawahi kutupa karatasi zote.)

Sasa kijana wangu SokoHuria77, wewe unasema kodi ya vita haifi. Hii ilikufa, tena ilizikwa kwa shangwe. Deni halikufa. Baada ya vita zaidi ya nusu ya matumizi ya Serikali ya Uingereza yalikuwa yanakwenda kwenye riba. Kodi ya mapato haipo, riba inalipwa na nini? Ushuru wa bia, sukari, chai, mishumaa, sabuni. Dobi akinunua sabuni ya kufulia nguo za tajiri alikuwa anachangia riba anayolipwa tajiri huyohuyo kwa hati fungani zake. Iliendelea hivyo mpaka Waziri Mkuu Robert Peel aliporudisha kodi ya mapato mwaka 1842, akasema ni ya muda. Mpaka leo kisheria huisha kila tarehe 5 Aprili na Bunge huihuisha upya.

Ufaransa nako, Jacques Necker alipewa hazina mwaka 1777, vita ya kuwasaidia Wamarekani ikaendeshwa kwa mikopo, kodi mpya akaziepuka. Alipendwa mno. Mwaka 1781 akachapisha hesabu zinazoonesha ziada, gharama za vita akaziweka nje ya hesabu hizo. Mwaka 1788 nusu hivi ya matumizi ya mfalme ilikuwa inaishia kwenye deni. Mnajua kilichofuata 1789.

Mgeni_Jukwaani

Shikamooni wakubwa. Mimi si mchumi, naomba kueleweshwa. Kama Serikali inakopa kwa wananchi wake yenyewe, si tunajidai sisi kwa sisi? Hasara iko wapi? Na anayekopesha si anapata riba?

BintiHazina

Swali zuri kuliko majibu mengi humu. Deni la ndani linahama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine ndani ya nchi ileile, ni kweli. Suala ni mifuko ya nani. Mwenye fedha ya ziada wakati wa vita ndiye anayenunua hati fungani nyingi. Vita ikiisha, walipakodi wote, pamoja na askari aliyerudi na mguu mmoja, wanamlipa yeye na riba juu. Kodi ingekuwa imetozwa palepale, tajiri angetoa fedha hizo na asingerudishiwa.

Na mkopeshaji mdogo? Chukua hati ya kawaida ya Marekani ya Vita vya Pili. Unanunua kwa dola 18.75, baada ya miaka 10 unalipwa 25. Watoto wa shule walinunua stempu za senti 10 na senti 25, wakazibandika kwenye kijitabu mpaka zitimie dola 18.75, kisha kijitabu kinabadilishwa na hati. Ukinunua 1945 unalipwa 1955, umepata theluthi moja juu ya fedha yako. Lakini kati ya 1945 na 1955 bei za Marekani zilipanda karibu nusu. Yule mtoto alilipwa kila senti aliyoahidiwa na bado akapoteza. Hiyo ni kodi, haikupitishwa na Bunge tu.

Mchumi Mwingereza John Maynard Keynes aliliona hili mapema, mwaka 1940, akapendekeza njia ya kati: sehemu ya mshahara izuiwe kwa lazima kama akiba, irudishwe baada ya vita, ili mfanyakazi naye amalize vita akiwa mdai na si mdaiwa. Uingereza ilifanya kipande cha wazo hilo kuanzia 1941. Kurejesha ndiko kulikochelewa. Wengine walisubiri mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, bei zikiwa zimeshapanda mara kadhaa.

Mgeni_Jukwaani

Asante dada. Nimeelewa, na nimesikitika.

FundiNambari

Naona mnachimba makaburi tu. Vita vya sasa hivi je?

Ukraine, Machi 2022. Wiki chache baada ya uvamizi, Serikali ikapunguza kodi. Ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ukawa sifuri, VAT ya mafuta ikatoka asilimia 20 hadi 7. Kampuni kubwa zikaruhusiwa kulipa asilimia 2 ya mauzo badala ya utitiri wa kawaida. Aprili wakaondoa VAT na ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi zinazoingia. Na ilikuwa na mantiki: bandari zimefungwa, watu mamilioni wamekimbia, maghala yanapigwa. Hakukuwa na mauzo ya kutoza.

Kilichotokea: raia wakajipanga mipakani kuingiza magari yaliyotumika bila kulipa chochote, foleni zikawakwamisha madereva wa malori ya mizigo ya lazima. Julai 1 ushuru wa forodha ukarudishwa. Asilimia 2 ikafutwa Agosti 2023. Tozo ya kijeshi, ambayo ipo tangu 2014 kwa asilimia 1.5 ya mapato, ikapandishwa hadi 5 kuanzia Desemba 2024. Faida za benki zikakatwa asilimia 50.

Na hapa kuna kitu cha kuangalia kwa karibu. Misaada mingi ya kifedha ya nje ilikuja na masharti kwamba isitumike jeshini. Inalipa pensheni, walimu, hospitali. Mshahara wa askari aliye mstari wa mbele unatoka kwenye kodi na hati fungani za ndani. Kwa hiyo kila hriwnia (fedha ya Ukraine) ya kodi unayosamehe pale unaitoa kwenye mfuko wa askari moja kwa moja.

Upande wa pili, Urusi, yenye mafuta na gesi: mwaka 2025 kodi ya faida ya kampuni imetoka asilimia 20 hadi 25, kodi ya mapato ikawa ya ngazi mpaka asilimia 22, na VAT ikapandishwa kutoka 20 hadi 22 kuanzia Januari 2026. Israel VAT kutoka 17 hadi 18 Januari 2025. Ukraine na Urusi ni maadui wasiokubaliana kwenye lolote, ila kwenye hili wameenda njia moja.

SokoHuria77

Fundi, mfano wako wa Ukraine unanisaidia mimi pia. Walipunguza pale uchumi ulipoanguka, wakapandisha uliposimama. Ndicho nilichosema tangu bandiko langu la kwanza.

Mzee wangu Kibubu, shikamoo. Dobi na sabuni nimeipokea. Lakini sijasikia mtu akigusa hoja ya kudumu kwa makato. Mwaka 1939 Wamarekani milioni 4 hivi ndio waliolipa kodi ya mapato. Mwaka 1945 walikuwa zaidi ya milioni 40. Mwaka 1943 wakaanza kukata kodi kwenye mshahara kabla mfanyakazi hajaugusa, kwa sababu ya vita. Vita iliisha 1945. Makato yapo mpaka leo. Mnaongea kama vile hatari pekee ni deni. Dola lenye mkono mrefu mfukoni mwa kila mtu nalo ni urithi wa vita.

Halafu ile imani kwamba kodi inawafanya wananchi wausikie uzito wa vita, wakaikataa mapema. Nyongeza ya Johnson ilianza 1968. Wamarekani waliondoka Vietnam 1973.

MizaniYaMezani

Ile imani sikuitaja, ila kwa kuwa umeileta nitaitetea nusu. Kodi haiwezi kusimamisha vita peke yake. Inachoweza ni kulazimisha swali la gharama liulizwe mapema. Septemba 2002 Lawrence Lindsey, mshauri wa uchumi wa Bush, alitaja hadharani kwamba vita ya Iraq inaweza kugharimu dola bilioni 100 hadi 200. Wenzake wakaona amekisia juu mno. Desemba akaondoka ofisini, siku moja na Waziri wa Fedha Paul O'Neill, aliyekuwa na wasiwasi na punguzo jipya la kodi. Gharama halisi ikaja kuzidi hata hiyo 200, mara kadhaa. Sasa fikiria kama sheria ingesema kila bilioni 50 za vita ziambatane na asilimia kadhaa ya kodi. Ule mjadala usingemalizwa kwa kumwondoa mtu mmoja. Badala yake fedha ziliombwa kama nyongeza za dharura, nje ya bajeti ya kawaida, mwaka baada ya mwaka. Mzee Kibubu atakuwa anamwona Necker.

Makato ya mshahara: kweli yamebaki. Lakini usisahau Bunge la Marekani halikuwa kondoo wakati ule. Mwaka 1944 Roosevelt aliomba zaidi ya dola bilioni 10 za kodi mpya, Bunge likampa bilioni 2 hivi zilizojaa misamaha kwa wenye maslahi. Akaikataa sheria ile kwa turufu yake, akisema ni nafuu kwa walafi na si kwa wahitaji. Kiongozi wa chama chake mwenyewe Seneti, Alben Barkley, akajiuzulu kwa hasira, wenzake wakamchagua tena palepale, na Bunge likapitisha sheria juu ya kichwa cha Rais. Hayo yanatokea kama miezi minne kabla ya majeshi kutua Normandy, Ufaransa. Kwa hiyo hata kwenye vita iliyoungwa mkono na karibu kila mtu, watu walipigania mifuko yao. Hakuna enzi ya dhahabu hapa.

Mpiga_Zumari

Kumbe misamaha ya kodi ya washikaji haikuanza leo. Nimefarijika.

SokoHuria77

Sawa Mkuu. Sasa nikubane. Wewe utakubali punguzo la kodi vitani lini? Usiniambie kamwe, kwa sababu Ukraine umeiona.

MizaniYaMezani

Nitakubali pale wigo wa kodi wenyewe umevunjika, kama Machi 2022, ambapo kutoza ni kukamua jiwe. Nitakubali kwa vitu ambavyo vita na chakula vinavitegemea, dizeli ya lori la mizigo kwa mfano, wala si gari dogo la kutembelea. Na sheria iandikwe tarehe ya mwisho.

SokoHuria77

Tarehe ya mwisho? Hizo sheria za Bush unazozilaani zilikuwa nayo. Sehemu kubwa ilipangwa kuisha mwishoni mwa 2010. Ilipofika, Obama na Bunge wakaziongezea miaka miwili. Januari 2013 sehemu kubwa ikafanywa ya kudumu, waliorudishwa kwenye asilimia 39.6 ni wenye mapato ya zaidi ya dola 400,000 kwa mtu mmoja. Wanajeshi walikuwa bado Afghanistan. Tarehe yako ilifanya kazi gani?

FundiNambari

Hapo kakubana kweli Mizani.

BintiHazina

Tarehe kwenye kalenda mwanasiasa anaisogeza, kwa sababu siku ikifika punguzo kuisha linaitwa kupandisha kodi na hakuna anayetaka kubeba jina hilo. Ukraine walirudisha ya forodha ndani ya miezi mitatu kwa sababu mshahara wa askari ulikuwa unasubiri mwezi huohuo na hakukuwa na mtu wa kuwakopesha kwa bei nafuu. Marekani ya 2010 ilikuwa inakopa kwa riba ndogo sana. Anayekopesheka kirahisi haoni haraka ya kurudisha chochote. Kwa hiyo mimi sharti ningeliweka kwenye riba: gharama ya deni ikivuka sehemu fulani ya mapato, punguzo linakufa lenyewe bila kura.

SokoHuria77

Na Bunge hilohilo litabadilisha hiyo sehemu fulani usiku mmoja kabla haijafikiwa. Ukomo wa deni wa Marekani wameshausogeza mara ngapi?

BintiHazina

Wameusogeza mara nyingi. Ila mara nyingi walilazimika kusimama mbele ya watu na kupiga kura kwa majina. Mimi hiyo inanitosha.